Kuwapokea Wenye Ulemavu katika Siku ya Mila Zetu

Hotuba ya Tume ya Mapokezi mbele ya wajumbe wa mashirika na wageni wa yubilei



Tume ya Mapokezi imepewa nafasi ya kusema neno juu ya Siku ya Mila, yaani siku ile ambapo ngoma za makabila yetu zitachezwa katika uwanja wa kanisa, vyombo vya kale vitaonyeshwa katika chumba cha mikutano, na wazee watasimulia habari za mji huu. Wenzetu wa tume nyingine wamekwisha kusema juu ya chakula, nyimbo na mavazi. Sisi tutasema juu ya mlango. Ni nani atakayeweza kuingia? Atapita njia gani? Na akiisha kuingia, atakaa wapi?

Tunauliza hivyo kwa sababu ya ndugu zetu wenye ulemavu: wale wanaotembea kwa magongo au kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, wale wasioona, wale wasiosikia, na wale ambao akili yao inakwenda polepole kuliko ya wengine. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 1,3 wanaishi na ulemavu mkubwa, yaani mtu 1 kwa kila watu 6. Benchi moja la kanisa letu linakaliwa na watu sita. Basi mtu angeweza kutazama mabenchi siku ya Jumapili na kuhesabu, na hesabu haingepatana. Wengine ulemavu wao hauonekani kwa macho, hilo ni kweli. Lakini wengine hatuwaoni kwa kuwa wamebaki nyumbani, na wamebaki nyumbani kwa kuwa wanazijua ngazi zetu.

Katika mji wa namna ya Likasi ulemavu una njia nyingi za kuingia katika nyumba. Kuna ajali za migodi na za viwanda, za gari moshi na za barabara. Kuna ugonjwa wa polio. Virusi vya asili vya polio havikuonekana tena katika nchi yetu baada ya mwaka 2011, na tarehe 25 mwezi wa nane 2020 Afrika nzima ilitangazwa kuwa imeondokana navyo. Hata hivyo virusi vya namna nyingine, vinavyozaliwa mahali ambapo watoto wengi hawakupewa chanjo, viliendelea kupooza watoto katika majimbo ya Katanga ya zamani, hasa Tanganyika na Haut-Lomami. Tena wale walioshikwa na polio utotoni miaka ya 1970 na 1980 ni watu wazima leo. Ni baba na mama, mafundi, wachuuzi, waimbaji.

Halafu kuna uzee. Hapa ndipo tungependa mtusikilize kwa makini zaidi.

Siku ya Mila ni siku ya mambo ya kale. Mambo ya kale yamewekwa wapi? Kidogo yamewekwa katika vitabu, kidogo katika Makumbusho ya Lubumbashi, na sehemu kubwa katika vichwa vya wazee. Mji huu uliitwa Jadotville tangu mwaka 1931, ukarudishiwa jina lake la Likasi mwaka 1966. Aliyeandikwa kazi na Union Minière akiwa kijana wa miaka 20 katika mwaka huo wa 1966, leo anakaribia miaka 80. Aliyeona kwa macho yake vita vya mwezi wa tisa 1961, askari wa Irlandi walipozungukwa hapa kwa siku tano, alikuwa mtoto wakati ule, na leo ni mzee. Mwaka 1952 Hugh Tracey alikuja hapa na mashine yake ya kunasa sauti, akamkuta kijana Mwenda Jean-Bosco anapiga gitaa. Anayeweza kusema kwamba alimsikia Mwenda wa wakati ule hawezi kuwa kijana. Wazee hao ndio wanaojua wimbo fulani uliimbwa katika kilio au katika harusi, na nguo fulani ilifungwa bega gani.

Basi tazameni hali yao. Magoti yamechoka. Macho yana ukungu wa mtoto wa jicho. Wengi waliofanya kazi miaka mingi karibu na mashine za kiwanda wamepoteza uwezo wa kusikia, na mtu akisema nao inampasa kuwakaribia na kurudia neno mara mbili. Kwa hiyo tukitengeneza sikukuu ambayo inamtaka mtu apande ngazi, asimame saa nne juani, asikilize kipaza sauti kinachokoroma, na asiende msalani mpaka jioni, tutakuwa tumewafukuza wenyewe wa mila siku ile ile ya mila. Tutacheza ngoma ya mababu mbele ya watu wasioweza kutuambia kama tumeicheza sawasawa.

Wengine kati yenu mmekwisha kuona sikukuu kubwa ya namna hii kaskazini ya mji wetu. Kila mwaka, tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili, Bayeke wanakutana Bunkeya kumkumbuka Mwami Msiri, aliyetoka nchi ya Basumbwa, katika Tanzania ya leo, akajenga ufalme wake hapa Katanga, akauawa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891 na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs. Tarehe hiyo haiwezi kuhamishwa, kwani ni tarehe ya kifo. Nayo inaangukia katikati ya masika. Kila mkaaji wa Katanga anajua udongo wetu mwekundu unakuwa namna gani baada ya mvua ya mwezi wa kumi na mbili: kiatu kinabaki ndani, na gurudumu la mbele la baiskeli ya mikono linazama mpaka kwenye ekseli. Mwenye miguu miwili anaruka dimbwi na kucheka. Mwenye magurudumu matatu safari yake imekwisha pale pale.

Sisi, kinyume chake, siku yetu tumeichagua wenyewe. Ndiyo maana tume iliomba kwa nguvu kwamba Siku ya Mila iwekwe wakati wa kiangazi, na tunamshukuru Baba Paroko kwa kulikubali ombi hilo. Vumbi litakuwapo. Mtu anaweza kulishinda vumbi kwa ndoo za maji. Matope hayashindwi hivyo.

Sasa tuje kwenye ngazi. Mlango mkubwa wa kanisa letu una ngazi 3, kila moja kimo cha sentimita 17. Tukijumlisha tunapata sentimita 51. Kanuni inayofuatwa na wajenzi kila mahali ni hii: kwa kila sentimita 1 ya kimo, njia ya mteremko iwe na urefu wa sentimita 12. Hivyo ngazi zetu 3 zinahitaji njia ya mita 6 na kidogo. Wengi wanadhani mbao mbili za mita 2 zinatosha. Hazitoshi. Mteremko wa namna hiyo ni mkali mno. Mwenye kiti cha magurudumu akijaribu kuupanda peke yake anarudi kinyumenyume, na akishuka anaanguka kifudifudi. Upana wa njia usipungue mita 1 na nusu, na ukingo mdogo wa ubao uwekwe pande zote mbili ili gurudumu lisitoke nje. Mjue tena kwamba baiskeli ya mikono inayotengenezwa na mafundi wetu ni ndefu na pana kuliko kiti cha hospitali. Mlango unaopitisha kiti cha hospitali pengine hauipitishi baiskeli hiyo. Kipimo cha kweli ni kumwita mwenye baiskeli na kumwomba apite.

Katika tume tulibishana sana juu ya neno moja. Baadhi yetu walisema: mlango wa sakristia una ngazi 1 tu, ubao wa mita 2 unatosha, kwa nini kutumia mbao nyingi kwa mlango mkubwa? Hesabu yao ni sawa. Lakini mlango wa sakristia ndio unaopitisha viti, makopo ya maua na mifuko ya mkaa ya chetezo. Siku ambapo parokia nzima inaingia kwa maandamano na ngoma kupitia mlango mkubwa, kumwambia ndugu mmoja azunguke nyuma ya nyumba ni kumwambia habari fulani juu yake mwenyewe, hata kama hakuna aliyekusudia. Mwishoni tulipatana: njia itakuwa kwenye mlango mkubwa. Tena itatumiwa na watu wote, hata mama wenye watoto mgongoni na wazee wa fimbo, ili isiwe na jina la njia ya vilema.

Kuna wanaosema: «Vijana wetu wana nguvu, watawabeba.» Tunawashukuru vijana kwa moyo wao. Hata hivyo, mtu mzima, baba wa watoto, hapendi kunyanyuliwa kama gunia la unga mbele ya wakwe zake. Na anayebebwa kuingia hana budi kungoja mtu wa kumbeba ili atoke. Hawezi kuondoka akichoka; hawezi kwenda kumwamkia rafiki upande wa pili wa uwanja. Anakuwa mgeni wa mabega ya watu mpaka jioni.

Mwaka 2022 taifa letu zima lilipata kujua uzito wa goti moja. Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa amepanga kutujia mwezi wa saba mwaka huo, na safari ikaahirishwa kwa sababu ya maumivu ya goti. Alipofika Kinshasa tarehe 31 mwezi wa kwanza 2023, alikuwa akitumia kiti cha magurudumu, na kesho yake watu zaidi ya milioni moja walisali pamoja naye katika uwanja wa ndege wa Ndolo. Hatukumsikia mtu hata mmoja akisema kwamba Baba Mtakatifu angebaki nyumbani kwake, au kwamba angepitia nyuma. Kila alipokwenda, njia ilikuwa imetengenezwa kabla hajafika. Alifariki mwaka 2025. Lakini mbao na misumari ya kutengenezea njia ya namna ile zinauzwa hata hapa Kikula na Panda.

Tuliyosema juu ya mbao ni sehemu nyepesi ya kazi. Iliyo ngumu ni umati. Mnaikumbuka habari ya yule aliyepooza wa Kafarnaumu, iliyoandikwa na Mtakatifu Marko. Rafiki zake wanne hawakuzuiwa na ngazi. Walizuiwa na migongo ya watu waliojaa mlangoni kumsikiliza Yesu, watu wema bila shaka, wasiogeuka kutazama nyuma yao. Ilibidi dari litobolewe. Nasi tunajua mambo yatakavyokuwa ngoma zikianza: duara litafungwa, wa nyuma watasukuma wa mbele, na aliye katika kiti ataona viuno vya watu tu. Kwa hiyo vijana wa Kiro na maskauti watafunga kamba mbili kutoka langoni mpaka mbele ya uwanja, na kati ya kamba hizo hatasimama mtu, hataweka meza mtu, hata mwenye kuuza vinywaji baridi. Tunawaomba mapadri wageni nao watusaidie kwa kutoegesha magari yao katika njia hiyo. Tunasema hivi kwa heshima.

Kisha wakiisha kuingia, wakae wapi? Katika sikukuu nyingi tumeona desturi moja. Wenye ulemavu wanapangwa mstari mmoja mbele ya tribuni, juani, nao wanakaa pale mpaka saa ya kugawiwa sabuni na sukari. Picha inapigwa. Baada ya picha mstari unavunjwa na sikukuu inaendelea bila wao. Hatukatai sabuni, sabuni inafaa katika kila nyumba. Tunakataa huo mstari. Daudi alipomtafuta Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli, aliyekuwa kiwete wa miguu yote miwili, alimpa mahali pa kudumu katika meza yake, akala pamoja na wana wa mfalme. Basi katika uwanja nafasi za magurudumu zitaachwa katikati ya mabenchi, huku na huku, kila mmoja akae na mke wake, watoto wake na shirika lake. Na kivuli kiwe juu yao kama kilivyo juu ya wageni wa heshima.

Tena wasiwe watazamaji tu. Kinshasa kulikuwa na wanamuziki walioshikwa na polio utotoni, waliopiga muziki barabarani juu ya baiskeli zao za mikono. Kundi lao ni Staff Benda Bilili. Mwaka 2009 walitoa albamu yao, na mwaka 2010 filamu juu ya maisha yao ilionyeshwa Cannes, Ufaransa. Hapa kwetu pia wako wanaojua kupiga, kuimba, kufuma na kuchonga. Tumeomba wawili wao walete matoleo katika Misa, na mzee mmoja asiyeona ndiye atakayefungua masimulizi. Mapadri waliopo hapa wanajua kwamba hata sheria ya Kanisa ilikwenda safari katika neno hili: Kodeksi ya mwaka 1917 ilihesabu vilema vya mwili kati ya vizuizi vya upadri, na Kodeksi ya 1983 haikukiweka tena kizuizi hicho.

Juu ya wasiosikia tutasema kwa ufupi. Kuongeza sauti ya kipaza sauti hakuwasaidii. Kunawatesa walio karibu tu. Wanahitaji mtu anayejua lugha ya alama. Lugha hiyo, kama inavyotumiwa katika nchi yetu, ina mizizi yake katika ile ya Marekani, kwani Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi yeye mwenyewe, alianzisha shule nyingi za viziwi katika Afrika tangu mwaka 1957, na kazi yake ilifika hata kwetu. Mkalimani atasimama kando ya msemaji, usoni pa mwanga, ili mikono yake ionekane. Nao wasemaji wasifunike midomo kwa karatasi, maana wengine wanasoma maneno katika midomo. Na ngoma zikilia, waacheni wasiosikia wakaribie na kuweka kiganja juu ya ngozi au juu ya mti wa ngoma. Wanaisikia kwa mkono na kwa miguu, na huenda wakacheza vizuri kuliko sisi.

Kwa wasioona, adui katika maonyesho ni karatasi ile iliyoandikwa «Usiguse». Tunafahamu kwa nini inawekwa: manyoya yanakatika, na vinyago vya kale vinavunjika. Lakini kinu, mchi, jembe la chuma, na ile misalaba midogo ya shaba ambayo mababu wa Katanga waliiyeyusha wenyewe na kuitumia kama mali ya biashara na ya mahari, hivyo vina ugumu wa kutosha. Vitawekwa juu ya meza ya pekee, na kijana mmoja atakaa pale kusimulia. Mtu asiyeona akiushika msalaba wa shaba, akapima uzito wake na kupitisha kidole katika ncha zake nne, atajua jambo ambalo sisi tunaoutazama nyuma ya kioo hatulijui. Baadaye utapanguswa.

Na msalani. Baadhi ya wajumbe walitaka neno hili lisitajwe katika hotuba, lakini tulitaje. Mtu anayejua kwamba hawezi kuingia msalani anaacha kunywa maji tangu usiku wa kuamkia sikukuu, na mzee anayefanya hivyo katika jua la kiangazi anaanguka. Choo kimoja kitatengenezwa: mlango wa sentimita 90 unaofunguka kwa nje, sakafu sawa isiyo na kizingiti, kiti cha kukalia, na ubao imara ukutani wa kushikia. Ufunguo hautawekwa na mtu; mlango utakuwa wazi.

Kama kuna anayedhani kwamba tunaomba fadhila, aangalie sheria. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee na wenye ulemavu pamoja haki ya ulinzi wa pekee. Wanasheria waliwaweka katika kifungu kimoja, kama tulivyofanya sisi. Mwaka 2015 Jamhuri ilijiunga na Mapatano ya Umoja wa Mataifa, ambayo kifungu chake cha 30 kinasema juu ya kushiriki katika utamaduni na kufikia mahali pa maonyesho na pa kumbukumbu. Na tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ikatolewa sheria nambari 22/003 juu ya haki za watu wenye ulemavu. Karatasi zipo. Ngazi nazo zipo.

Sasa tunaomba mambo mawili. Kila shirika lilete kwa karani wa parokia, kabla ya Jumapili ya pili kutoka leo, majina ya ndugu wenye ulemavu na wazee wasiotoka nyumbani, na kando ya kila jina lile analolihitaji. Aulizwe mwenyewe, asiulizwe mtoto wake wala jirani yake, kwa maana jamaa mara nyingi wanasema «hataki kutoka» juu ya mtu ambaye hakuulizwa tangu zamani. Na mafundi seremala wakutane nasi Jumamosi, baada ya Misa ya kwanza, mbele ya mlango mkubwa. Wenye baiskeli watatu wamekubali kuja kujaribu njia, na wao ndio watakaosema kama imekamilika. Mbao tulizo nazo ni 8; zinapungua 5, za urefu wa mita 3, zisizopinda. Misumari tunayo ya kutosha.